Kila Ndoo na Kifuniko Chake

Firdausi alikuwa akichuja asali tangu asubuhi. Kazi hii ameifanya miaka sita katika ghala la Kibondo. Asali ya msituni anaitambua kwa kuinusa tu. Lakini siku hiyo alimwaga kikombe kizima sakafuni.

Aliogopa Ijumaa. Ijumaa alitakiwa Kasulu kwenye usaili. Ghala la Kibondo lilikuwa linafungwa, na wenye ghala walitaka mtu mmoja tu abaki nao Kasulu, awapokee wanunuzi wa nje na kuwaeleza kazi kwa Kiingereza. Akikosa nafasi hiyo, itambidi aiache asali, arudi Manyovu kwa kaka yake.

Mwaka jana aliwahi kufanya usaili mwingine. Alikariri majibu kumi, neno kwa neno. Wakamuuliza swali la kumi na moja. Akawa bubu mpaka wakamwambia aende. Tangu hapo akisikia Kiingereza huondoka upesi.

Jioni jirani yake, mwalimu Didas, alimkuta kibarazani na daftari. Didas ni mtu wa Songea, aliyeletwa na serikali kufundisha sekondari.

"Mwidiwe, dada Firdausi," alisalimia kwa Kiha chake cha kuungaunga. "Mbona umenyong'onyea?"

"Naogopa, mwalimu. Siendi Kasulu. Kwa mwoga huenda kicheko."

"Hebu nisomee ulichoandika."

Firdausi alisoma kwa sauti ya chini. "I want to filter honey. I finished to filter honey. I enjoy to filter honey."

"La kwanza sawa. Mawili yaliyobaki hapana."

Firdausi aliitazama daftari tena. "Lakini yote ni kuchuja. Nataka kuchuja, nimemaliza kuchuja, nafurahia kuchuja."

"Kiswahili kina 'ku' moja inayotosha kote. Kiingereza kina njia mbili. Baada ya 'want' unaweka 'to': I want to filter. Baada ya 'finish' na 'enjoy' unaweka 'ing' mwishoni: I finished filtering, I enjoy filtering."

"Nitajuaje lipi linataka nini?"

Mwalimu akauliza, "Ukifunika ndoo za asali, unachukua kifuniko chochote?"

"Hapana. Vinafanana, lakini kila ndoo ina chake. Ukikosea, sisimizi wanaingia."

"Ulivikariri?"

"Nilivizoea. Kwa kufunika kila siku."

"Basi na maneno ni hivyohivyo. 'Want', 'hope' na 'decide' vifuniko vyake ni 'to'. 'Enjoy', 'finish' na 'avoid' vifuniko vyake ni 'ing'. Yapo machache yanayokubali vyote viwili, kama 'start'. Usijifunze neno peke yake. Lijifunze na kifuniko chake, ndani ya sentensi ya kazi yako, na uiseme kwa sauti."

"Nikikosea watanicheka."

"Mimi naharibu Kiha sokoni kila siku. Wanacheka, halafu wananiuzia maharage."

Kesho yake Firdausi aliandika maneno kwenye karatasi za gundi, akazibandika kwenye ndoo. Kila alipogusa ndoo alisema sentensi yake. "I hope to sell this honey." "We avoid heating the honey." Wenzake walimtania, wakamwita Mzungu wa Murungu, kwa jina la mtaa wao. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakunyamaza. Jioni mwalimu alimuuliza maswali mapya, asiyoyatarajia, na kila mara alimkataza kutazama daftari.

Ijumaa alifika mlangoni huko Kasulu. Akasema Bismillahi, akaingia. Mezani alikaa Bazilio, mkuu wa ghala, pamoja na mama mmoja mnunuzi kutoka nje.

Mama yule hakuuliza jina wala shule. Alisogeza chupa ya asali na kuuliza kwa Kiingereza, "Mnafanyaje ili isiharibike?"

Swali hilo halikuwa daftarini. Firdausi aliona mlango nyuma ya Bazilio, akatamani kutoka mbio. Kisha akaitazama chupa. Asali aliijua.

"We avoid to heat," alianza, akasita. Alisikia kabisa kuwa kifuniko hakikukaa. Mwaka jana angeishia hapo.

"Sorry," alisema. "We avoid heating the honey. When we finish filtering, we close the bucket. Every bucket, its own cover."

Mama yule alitikisa kichwa kukubali, akauliza tena, na tena. Firdausi alikosea mara mbili nyingine, na mara zote mbili aliendelea kusema.

Mwezi uliofuata alihamia Kasulu. Kabla ya kuondoka alimpelekea mwalimu chupa ya asali. Didas alimshukuru kwa Kiha, akaharibu vibaya. Firdausi alicheka mpaka akashika ukuta, akamsahihisha. Mwalimu akarudia, akakosea tena, akarudia.