Diski Iliyobeba Sauti ya Mama

Kila alasiri alipotoka shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, akabadili sare, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya nyumbani. Wenzake wangewasha michezo. Yeye alimpakata mdogo wake, akafungua hadithi moja, na sauti ikajaa sebuleni: "Haya wanangu, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kusinzia." Ilikuwa sauti ya mama.

Zamani mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Alirekodi hadithi nyingi kwa ajili ya wanafunzi wake, na zote zilihifadhiwa kwenye kompyuta hiyo. Halafu ukaja ugonjwa wa koo. Madaktari waliokoa maisha yake, ila sauti haikurudi. Sasa alizungumza kwa mikono na kwa macho, na mambo marefu aliyaandika. Hadithi ilipoanza kusikika, aliinuka taratibu akaenda jikoni. Chiriku alimwona, na moyo ulimuuma. Jina hilo alipewa na baba kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, lakini hili moja hakuweza kumwambia mtu: alitamani kuitwa. Kuitwa tu kwa sauti ile, hata kama ni kwa kugombezwa.

Siku moja kompyuta ikaanza kugonga ndani, tak, tak, tak. Baba, aliyekuwa seremala, aliibeba akaenda na binti yake kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi. Fundi akaitegea sikio, akasema diski imechoka, yaani kile kifaa ambacho kompyuta hutunza ndani yake kila kitu. Aliwashauri wanunue nyingine mapema, ya kampuni inayojulikana, yenye waranti, hata kama ni ndogo. Wakishanakili, wasikilize kila hadithi mwanzo hadi mwisho, na ile ya zamani wasifute kitu.

Ushauri uliingilia sikio hili ukatokea lile. Kwenye kona ya mtaa walimkuta mchuuzi na meza yake. Diski aliyowaonyesha ilikuwa ndogo kama kiberiti, na kwa maelezo yake ingemeza hadithi za dunia nzima, kwa bei ileile ya diski ndogo ya dukani. Haikuwa na boksi wala waranti; ilikuwa na maneno matamu tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani huwakumbuka wahenga mbele ya bei nafuu? Baba alikuna kichwa. Ubao angeugonga akajua kama umeliwa na wadudu, lakini diski angeigonga wapi? Akamwambia binti yake achague, maana yeye ndiye mtaalamu wa nyumba. Chiriku akavimba kichwa, akachagua hiyo ya mchuuzi yenye nafasi kubwa.

Nyumbani aliichomeka, akanakili hadithi zote. Majina yakajipanga kwenye skrini, hata moja halikukosekana. Alisikiliza ya kwanza, ikasikika vizuri. Ya pili, vilevile. Akaridhika. Hapo ndipo alipoharibu mambo. Aliionea huruma diski ya zamani, akaifikiria kama punda aliyebebeshwa kupita kiasi, kwamba akipunguziwa mzigo atapata nafuu. Akafuta hadithi zote zilizokuwa humo ili ipumue.

Kesho yake mdogo wake aliomba hadithi ya mbuzi aliyekataa kuoga. Chiriku akabofya. Jina lipo, sauti hakuna. Akabofya nyingine, kimya. Nyingine tena, kimya. Zilizosikika zilikuwa chache tu za mwanzo.

Wazo baya likamjia. Mama hasikilizi hadithi hizi. Baba yuko karakana mchana kutwa. Mtoto mdogo anadanganyika. Nani atajua? Alikaa hapo akitazama skrini, na mara kutoka jikoni akasikia makofi mawili. Ndivyo mama alivyomwita siku hizi. Chiriku akaenda, akasimama mbele yake, akashindwa kujizuia kulia.

"Mama, nimeipoteza sauti yako," alisema. "Nimeifuta mwenyewe."

Alieleza yote, kuanzia kwa mchuuzi hadi kwa punda. Mama aliketi, akafunika uso kwa viganja. Kisha akafuta machozi kwa pindo la kanga, akaenda kuchomoa waya wa kompyuta ukutani, akaandika: "Twende kwa fundi sasa hivi."

Fundi aliuliza swali moja tu, kama kompyuta ilitumika sana baada ya hadithi kufutwa. Aliposikia kwamba ni kidogo tu, alishusha pumzi. Kitu kilichofutwa hakiondoki papo hapo, aliwaeleza. Nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi, na chochote kinachofuata hukikalia. Ile diski ya mchuuzi ilikuwa na nafasi finyu ndani, ila ilitengenezwa iseme uongo. Ilipojaa, iliendelea kuandika majina na kutupa sauti zenyewe.

Safari hii baba alikwenda dukani mwenyewe, bila kona wala njia ya mkato, akanunua diski mbili za kawaida zenye boksi na waranti. Hata hizo fundi hakuziamini mara moja. Alizijaribu siku kadhaa kabla ya kuzikabidhi kitu. Kazi ilipokamilika aliwaita wote. Hadithi mbili zilikuwa zimepotea kabisa. Nyingine zote zilipatikana, na zilinakiliwa mara mbili, kwenye diski zote mbili.

"Binti yangu," fundi alisema, "diski, kama rafiki, huichagui kwa ukubwa wa maneno yake. Unaijaribu kwanza. Na kitu usichoweza kukipata tena, usikiweke mahali pamoja tu. Lakini kilichookoa hadithi hizi si mimi. Ni ule ulimi wako. Ungenyamaza wiki moja, nisingekuta kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kisha akawasha hadithi ya mbuzi ili waihakikishe hadi mwisho. Mama aliinuka kama kawaida yake. Alifika mlangoni, akasimama. Akarudi, akaketi, na midomo yake ikaanza kufuatana na sauti, neno kwa neno. Mdogo wake Chiriku alimtazama mama, akatazama kompyuta, akamtazama tena mama.

"Kumbe yule anayesimulia ni wewe?" akauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa, akamvuta mapajani, akaendelea kusimulia kwa midomo hadi hadithi ikaisha.