Jagi la Dative

“Apana! Mi sikunywa, nimesema!” Régis aligonga meza kwa ngumi, daftari lake la Kiingereza likaruka.

“Saa sita jagi lilikuwa tupu, we Régis. Sasa limejaa. Lilienda robine lenyewe?” Dada yake Amandine naye alipaza sauti. “Na robine za mtaa huu wa Ngagara siku ya nne hii hazitoi hata tone la maji!”

“Muulize mama!”

Hasira zilimpanda Régis mpaka masikioni. Alivikasirikia vita vilivyokata maji, akalikasirikia jua la barabarani, hata mwalimu aliyewapa kazi ya nyumbani siku kama hii. Akainamia daftari, na neno lenyewe likamkodolea macho: guzzle. Chini yake alikuwa ameandika alivyoeleza mwalimu: kugugumia, kunywa kwa pupa mpaka koo lilie. Asili yake, wanadhani, ni gosier ya Kifaransa, yaani koo.

Mama yao, Odette, aliingia, mgongoni amembeba Dative, mdogo wao wa mwaka mmoja, amelegea kwa kuhara tangu jana. Akamimina maji ya jagi kwenye kikombe, akakoroga sukari na chumvi kama alivyofundishwa dispensari. Kikombe kikaelekea mdomoni mwa mtoto.

“Mama, usimupe!” Régis alikifunika kwa kiganja. “Maji ya Dative ya kuchemsha nilimaliza mi. Nilitoka shule na kiu, nikayagugumia bila kupumua. Nikaogopa, nikajaza ya pipa la kufulia.”

Amandine alifungua mdomo, mama akamnyamazisha kwa jicho. “Kimbia kwa jirani Khadidja, uombe kikombe cha maji ya kuchemsha.”

Kisha akamgeukia Régis. “Kiu si kosa. Hata kwenye mtungi wa pombe wa kunywa pamoja, mutu akivuta mrija bila kupumua, wenzake wanamwambia: pumzika, na sisi tuonje. Anacheka, anaachia, imeisha. Lakini we uliweka uchafu ukanyamaza! Ukikosea, sema mapema, kosa lisimufikie mwenzako.”

Amandine alirudi. Dative akanywa kidogo kidogo, akitua, akinywa tena. Koo la Régis lilikuwa limekauka kabisa, lakini hakuomba.

“Kwa mapadri bomba bado linatoa maji,” mama alisema. “Nenda ukachote, urudi kabla wanajeshi hawajafunga barabara.”

Régis akanyakua bidoni la njano la kuchotea maji, akatoka, akafunga mlango.