Kosa Halikuwa la Besi

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo na kuanika sare za shule, mimi na binamu yangu tulikwenda kwa seremala. Hatukwenda kununua kiti. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na stoo ya mbao, na ndani ya stoo hiyo ndimo bendi yetu ilimozaliwa.

Mwanzo tulikuwa watatu. Waya, mtoto wa seremala, alipiga gitaa na kuimba. Aliitwa hivyo kwa sababu hajapata kuona kitu cha umeme akakiacha bila kukifungua. Binamu yangu alipiga gitaa la besi. Yeye aliitwa Kimya, na ukikaa naye saa moja utajua kwa nini. Mpiga ngoma nilikuwa mimi, Nyundo, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye mikono myembamba na makeke mengi. Muziki wetu ulikuwa wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayenguruma kuyashinda. Tulijiita Chuma Chakavu. Majirani walituita majina mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Seremala akiwasha msumeno wa umeme huvaa vifuniko vya masikio. Siku ya kwanza alitupa jozi tatu kuukuu. Waya na Kimya wakavaa. Mimi nikavitundika vyangu msumarini.

"Mpiga ngoma gani anajiziba masikio?" nilisema.

"Haya, bibi mkubwa," alijibu seremala. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Baada ya miezi minane, filimbi ikaanza kulia katika sikio langu la kushoto. Mwanzoni ililia baada ya mazoezi tu. Kisha ikanifuata darasani, mezani, mpaka kitandani. Sikumwambia mtu. Tulikuwa tumechaguliwa kupiga kwenye sherehe ya kufunga shule, na niliogopa kwamba wangenitoa.

Katika wimbo wetu mkubwa kulikuwa na mahali ambapo vyombo vyote hunyamaza. Kimya peke yake hupiga besi mara nne, polepole, kwa sauti ndogo, na baada ya pigo la nne mimi huingia kwa nguvu zote. Nikaanza kuchelewa. Siku nyingine niliwahi mno. Nilikuwa nabahatisha, maana yale mapigo sikuyasikia tena.

"Nani anaharibu?" Waya aliuliza Jumamosi moja, amekunja ndita.

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nilisema, "Besi inayumba."

Kimya alinitazama. Nilisubiri abishe.

"Labda," alisema, akaangalia chini.

Wiki iliyofuata kosa likajirudia, na Waya akamtoa. Kimya alivua mkanda wa gitaa, akaliegemeza ukutani taratibu, akaenda zake.

Hapa lazima niseme jambo. Kimya ni mtoto wa marehemu shangazi yangu. Baba, ambaye ni mjomba wake, alimleta kwetu baada ya msiba. Hakuna aliyemnyanyasa, lakini alijiona mgeni. Aliomba ruhusa hata ya kunywa maji, na chakula kikiongezwa alisema ameshiba. Ni kwenye ile stoo tu nilipowahi kumwona akicheka mpaka akashika mbavu, na huko ndiko nilikomfukuzisha. Tangu hapo Jumamosi zake zilikwisha kwenye chumba cha kushonea cha mama, akitia vifungo kwenye mashati ya watu bila kuinua kichwa. Nikimwona hivyo niliumia sana. Hata hivyo sikusema.

Besi akapewa Twiga, msichana mrefu wa darasa letu. Wiki mbili hazikupita, nikachelewa tena. Tukarudia, nikawahi.

"Na wewe pia huwezi kuhesabu mpaka nne?" Waya alimfokea.

Twiga alinigeukia. "Nyundo, si nimepiga vizuri? Sema basi!"

Niliinama nikajifanya nakaza skrubu ya ngoma, skrubu ambayo wala haikuwa imelegea.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Kimya akanigusa bega.

"Unaitwa. Mama amekuita mara tatu."

"Sikumsikia."

"Najua. Ukiitwa kutoka kushoto huitiki. Siku nyingi sasa."

Niliacha kuchambua. "Ulijua? Hata siku ile?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona hukusema?"

"Mimi ninakaa kwenu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenizaba kofi.

Nilikwenda kwa mama, machozi yakanitangulia. Nilimweleza yote, habari ya sikio na habari ya uongo. Aliacha cherehani yake katikati ya mshono.

Hospitalini, mtaalamu wa masikio alinivisha vipokea sauti vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Upande wa kushoto nikawa nabonyeza ovyo ovyo.

"Usibahatishe, binti," alisema. "Huu si mtihani wa kufaulu."

Kisha akamweleza mama kwamba kilichopotea hakitarudi. Sikio la kulia lingeweza kubaki zima nikilitunza, lakini ngoma niache.

Jumamosi nilikwenda na Kimya stoo, nikasimama mbele ya bendi nikakiri. Waya aliweka gitaa lake chini. "Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia Kimya. "Nilikuhukumu bila kuchunguza." Twiga hakunisamehe siku hiyo, na simlaumu. Lakini alikubali kuchukua vijiti vyangu, na Kimya akarudi kwenye besi. Sherehe ilipofika walipiga vizuri. Mimi nilikaa nyuma kabisa na mama, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Nililia pia, maana kile kiti cha ngoma nilikipenda.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani sote watatu, mama alisimama njiani.

"Sikio lako umelipoteza kwa ukaidi," aliniambia. "Hilo ni lako, utaishi nalo. Lakini binamu yako ulimsingizia kwa kuwa ulijua hatajitetea. Hilo ni baya zaidi. Anayekunyamazia usidhani hana la kusema, na kosa lako usimtwike mnyonge."

Kisha akamgeukia Kimya. "Na wewe, mwanangu, ukionewa sema. Hata nikikuonea mimi."

Kimya alitembea hatua kadhaa, akasema kitu. Alikuwa upande wangu wa kushoto, sikumsikia. Ikabidi arudie, na safari hii alipaza sauti:

"Nimesema, kila asubuhi Nyundo anamaliza maji ya moto!"