Mshenga wa Vitabu

Kitabu kilinukia asmini, na hapo ndipo Shaza alipopaswa kukirudisha alikokiokota. Vitabu vya mitumba vya Kongowea vina harufu zake: vumbi, mafuta ya taa, mende. Hiki hakikuwa na jalada, kurasa zilikuwa zimegeuka manjano, na bado kilinukia kana kwamba mtu alikitia maua asubuhi ile ile. Alipomwonyesha muuzaji, yule bwana alikigeuza mara mbili, akakisukuma kwa vidole viwili.

"Hiki si changu, dada. Sikukileta mimi."

"Kilikuwa kwenye rundo lako."

"Basi kimekuja chenyewe. Chukua, enda nacho."

Mwenye akili angeshtuka. Shaza alikuwa nazo akili, lakini siku hiyo alikuwa na hasira vilevile, na hasira ndiyo iliyokibeba kile kitabu mpaka Kisauni.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wanawake saba au wanane walikutana sebuleni kwa Bi Mwanasaumu, mwalimu mstaafu mwenye nyumba yake Mlaleo, kupendekezeana riwaya. Hawakuzipendekeza hivi hivi tu. Bi Mwanasaumu alianzisha mzaha ambao kwa miaka uligeuka desturi: aliyekuwa na kitabu alisimama mlangoni akawa mshenga, akabisha hodi na kusema ameleta posa. Bi Mwanasaumu, kama mama wa bibi harusi, aliuliza, "Kijana mwenyewe wamjua?" Mshenga akajibu, "Namjua. Nimemsoma mwanzo hadi mwisho." Kisha akamsifu shujaa wa riwaya mpaka wenzake wakaanza kujipepea. Aliyevutiwa alijifunika leso kichwani na kusema, "Nimeridhia." Vigelegele vikapigwa, kitabu kikaenda kwake wiki nzima. Kisipompendeza, posa ilirudi kwa mshenga, naye akachekwa mpaka akome.

Kwa miaka minne hakuna posa ya Shaza iliyorudi. Aliuza dawa katika duka moja la Bakarani, alikuwa ameachika, hana mtoto, na posa zisizorudi ndizo zilizokuwa sifa yake kubwa duniani. Aliwaletea nahodha aliyemngojea mjane miaka kumi. Aliwaletea mwana wa mfalme aliyejifanya mpishi ili awe karibu na binti wa jikoni. Wanawake watu wazima walikuwa wakimpigia simu kuwalilia mashujaa hao.

Ndipo akaja Mwikali. Alikuwa mama wa Kitui, mumewe Justus akifanya kazi kiwandani Bamburi, na riwaya zake zilikuwa za ajabu. Zilikuwa za wachawi wawili wazee waliochoka na uchawi wakafungua nyumba ya wageni, za joka dogo lililoajiriwa kumwashia mwokaji mikate tanuri, za zimwi mwenye haya aliyeshona mapazia ya kijiji kizima. Hakuna aliyekufa humo. Mvua ilinyesha nje, watu wakanywa chai ndani, na mwisho kila mtu alikuwa na pa kulala. Shaza alisema riwaya bila mahaba ni pilau bila bizari, na hakuna aliyecheka. Mwezi mzima wenzake waligombania mazimwi ya Mwikali, na nahodha wake akakaa rafuni. Iliuma, na hakuna haja ya kuficha kwamba iliuma sana.

Jumamosi ile aliingia na kitabu cha asmini. Hakuwa amekisoma. Alikuwa amesoma ukurasa mmoja, wa kwanza, amesimama jikoni kwake akingoja chai ichemke: mwanamume mwenye kanzu nyeupe amesimama nje ya mlango, anangoja mtu wa kumsemea. Shaza aliona huo unatosha. Alichotaka ni kumwona Mwikali, mama wa chai na mikate, akijifunika leso mbele ya watu kwa ajili ya mwanamume wa kitabuni.

"Hodi wenyewe! Nimeleta posa."

"Karibu," akasema Bi Mwanasaumu akicheka. "Kijana mwenyewe wamjua?"

"Namjua. Nimemsoma mwanzo hadi mwisho."

Uongo ulimtoka laini. Na maneno yaliyofuata yakamtoka laini zaidi, ingawa hakujua anayatoa wapi: kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto, pete ya fedha, sauti isiyopanda hata akikasirika, jinsi anavyomsikiliza mwanamke mpaka neno la mwisho. Alawiya, binti wa mwisho wa Bi Mwanasaumu, aliyekuwa akimimina kahawa, alisimama na dele mkononi. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kuridhia posa yoyote, na Shaza alizoea kumtania, "Usijali, wako yuaja."

Mwikali alicheka, akainua mikono. "Woi, Shaza, leo umeniweza." Akaazima leso ya jirani, akajifunika. "Nimeridhia."

Vigelegele vilipokwisha Alawiya alikusanya vikombe. Wanawake walikuwa wanane na vikombe vilikuwa tisa, vyote vimenywewa. Alivitazama, akamtazama mamake, akavipeleka jikoni.

Jumatano, jua la utosi, Mwikali aliingia dukani kwa Shaza. Kifuani alikuwa amebandika kikuba cha asmini na mrehani, kilichotungwa kama wanavyotungiwa maharusi wa Mji wa Kale.

"Nani kakutungia?" Shaza akauliza.

"Nimekipata mezani." Mwikali aliinama karibu na kaunta. "Nataka dawa ya Justus. Anatokwa na damu puani. Si kila saa. Akiingia chumba cha kulala tu. Akitoka inakauka."

"Ni presha hiyo. Mpeleke akapimwe."

"Shaza." Sauti ilishuka ikawa pumzi tu. "Mwisho wake unakuaje?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu. Nimefika katikati, hakisongi. Nikifungua niko ukurasa uleule. Lakini ule ukurasa unabadilika. Jumapili yule mwanamume alikuwa nje ya mlango. Jana alikuwa sebuleni. Leo asubuhi amekaa kitandani, anavua viatu. Aki nakuomba, wewe umesoma yote. Niambie tu anataka nini."

Hapo Shaza angeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, mimi sijakisoma, na dukani hakukuwa na mtu mwingine wa kuyasikia. Lakini alimwona akilini Mwikali akilisimulia hilo Jumamosi, akaona wenzake wakitazamana, akaona haya, na haya ikamfunga mdomo.

"Nikikwambia nitakuharibia utamu," akasema. "Malizia mwenyewe."

Alhamisi, saa sita u nusu mchana, Justus alimpigia simu. Hakusalimu. "Njoo umchukue rafiki yako," akasema, kisha ikawa ni kukohoa tu.

Walikaa Mishomoroni, ghorofa ya tatu. Shaza alipanda ngazi wakati ambao hata paka hawatoki, jua limesimama wima juu ya paa za mabati, redio za majirani zimezimwa, na kila ghorofa aliyopanda harufu ya udi ilizidi, kwanza kidogo, kama ya mtu aliyepita zamani, halafu nzito ya kukaba koo, mpaka alipofika juu akamkuta Justus ameketi sakafuni nje ya mlango wake mwenyewe, taulo puani, taulo lote jekundu, midomo yake ya rangi ya majivu.

"Ananiambia nisiingie," Justus akanong'ona. "Anasema mgeni wake amelala."

Shaza aliingia. Hakuingia kwa ushujaa. Aliingia kwa sababu alijua ni yeye aliyefanya, na alipopita alishika ukuta, na ukuta ulikuwa wa baridi, katika mji ambao mwezi wa tatu hata maji ya mferejini hutoka moto, na alipousukuma mlango wa chumba cha kulala alimwona Mwikali ameketi kitandani, mikono yake imetiwa piko nyeusi ya maharusi hadi viwikoni, macho hayapepesi, kitabu kimefunguka mapajani, na kurasa zikijigeuza polepole, moja, kisha nyingine, bila upepo, kwa mwendo wa msomaji asiye na haraka, na kila ukurasa uliogeuka ulibaki na alama mbichi pembeni, ya kidole kilicholowa mate. Upande wa pili wa kitanda godoro lilikuwa limebonyea.

"Ndoa ni kesho, baada ya sala ya Ijumaa," Mwikali akasema. "Amesema Justus hatafika kesho kutwa."

Godoro likanyanyuka. Aliyekuwa amekaa alisimama. Na masikioni mwa Shaza kabisa, kwa sauti ya upole isiyopanda, kitu kikasema, "Karibu, mshenga."

Shaza hakumbuki alivyoshuka ngazi. Anakumbuka kwamba alimpigia Bi Mwanasaumu, na kwamba Bi Mwanasaumu hakuuliza maswali mengi. Alivuka feri kwenda Mtongwe, na kabla ya alasiri alirudi na Mwanatabu, mganga wa majini, mwanamke mnene mwenye hasira za kudumu aliyepanda zile ngazi akiwatukana kila hatua.

"Posa! Mwachezea posa! Mwafungua mlango, mwauliza yumo nani, mwaitikia wenyewe, kisha mwashangaa mtu akiingia!"

Alitia ubani chetezoni, akausomea mlango. Moshi haukuingia chumbani. Ulifika kizingitini ukarudi. Justus alikuwa amelala ubavu sakafuni, kifua chake kikipanda kwa taabu, na kila pumzi ilikuja na kelele. Mwanatabu alimtazama, kisha akawageukia wanawake.

"Nani mshenga?"

"Mimi," Shaza akasema.

"Huyu uliyemleta, ulimsoma?"

Mle ndani kurasa ziliacha kugeuka. Shaza alisikia kwamba zimeacha, akajua yule pia anasubiri jibu. Bi Mwanasaumu alikuwa pale. Wenzake wawili walikuwa ngazini. Justus alitoa sauti moja ndogo, na baada yake hakukuwa na pumzi nyingine.

"Sikumsoma!" Shaza akalia. "Nimesema uongo. Nimesoma ukurasa mmoja. Mimi simjui, wallahi simjui, sikumjua toka mwanzo!"

Kitabu kilifungika mle ndani kwa kishindo. Justus alivuta pumzi ndefu, akatapika damu nyeusi, akaanza kulia. Mwikali alitoka chumbani akijifuta mikono kwenye gauni, akiuliza ni saa ngapi, na mbona watu wengi hivi. Piko ilikuwa ikimwagika vidoleni mwake kama maji.

"Mshenga kasema uongo, posa ni batili," akasema Mwanatabu. Hakuonekana kufurahi. "Haya, nyinyi ndio wenye desturi yenu. Posa ikikataliwa, yarudi kwa nani?"

Wote walimtazama Shaza.

"Utamsoma," Mwanatabu akamwambia, akikitoa kitabu chumbani na kumtia kwapani. "Mwanzo hadi mwisho, peke yako, mlango umefungwa. Ukimaliza sema sikuridhia, mara tatu, kisha niletee Mtongwe nimwondoe. Na sikiliza vizuri. Usimtaje kwa mtu. Usimsifu. Huyu hana miguu, hutembea kwa midomo ya watu."

Shaza alisoma Ijumaa mchana kutwa na Jumamosi mpaka alasiri, amejifungia, akingoja kuogopa. Hakuogopa, kwa sababu kitabu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko nahodha, kuliko mwana wa mfalme, kuliko mazimwi yote ya Mwikali. Kilikuwa na mahaba ya kuumiza moyo, na kilikuwa na mvua, chai na pa kulala. Alicheka peke yake. Ukurasa wa mia mbili alilia hadi akalowesha mto. Alipofika mwisho alifunga, akasema sikuridhia, mara tatu, na alisema kweli. Yeye Shaza hakumtaka mwanamume yule hata kidogo. Harufu ya asmini ikatoweka chumbani mwake. Akajihisi mwepesi, akashukuru Mungu, akatia kitabu mkobani aende feri.

Lakini njiani kifua kilianza kumwasha. Alimkumbuka yule mwanamume alivyosikiliza mpaka neno la mwisho, akakumbuka ukurasa wa mia mbili, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Msomaji gani anamaliza kitabu kama kile akakaa nacho peke yake? Alijiambia atapitia Mlaleo kuwajulia hali tu. Atawaambia kimekwisha, basi.

Walikuwa wote wamekaa. Mwikali alikuwapo, amekonda, Justus wake anaendelea vizuri nyumbani. Alimtabasamia Shaza, akamsogezea mto wa kukalia. Shaza alibaki mlangoni.

"Hodi wenyewe," akasema. "Nimeleta posa."

Tabasamu la Mwikali lilikatika. Bi Mwanasaumu alifungua mdomo, akaufunga, hakuuliza lile swali. Shaza alilijibu hivyohivyo, machozi yakimtiririka, kwa sababu safari hii lilikuwa kweli tupu na kila neno lilikuwa tamu mdomoni.

"Namjua. Nimemsoma mwanzo hadi mwisho."

"Nyamaza, Shaza!" Mwikali akapiga kelele, akainuka. "Mtu asiseme kitu! Mtu asijibu!"

Akaanza kuwatazama mmoja mmoja, nyuso zao, midomo yao. Hakutazama jikoni. Alawiya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na dele lake, leso imeshuka hadi usoni, na chini ya ile leso sauti yake ilitoka nyembamba, ya furaha.

"Nimeridhia."

Vigelegele havikupigwa. Alawiya alimimina kahawa kikombe kimoja, akakiweka mkekani mahali pasipo mtu, akaketi kando yake kwa adabu, na wote wakakitazama kile kikombe kahawa ikishuka, kidogo kidogo, mpaka ikaisha.