Kichupa Chenye Mchanga

Mageni alirudi wodini na kopo la uji, akamkuta mumewe amelowa jasho, macho nusu wazi, anakoroma kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa yao. Alimwita mara mbili. Alipomtikisa bega na kuona kichwa kinalegea, alipiga yowe lililowatoa wauguzi wa wodi mbili.

Daktari wa zamu alitoboa kidole cha mgonjwa na kupima sukari. Mashine ilisoma moja nukta moja, chini kupindukia. Aliagiza glukosi ya mshipa ipigwe palepale, dripu iliyokuwa ikiendelea ifungwe, na damu itolewe kwa ajili ya maabara. Pumzi ilitulia, lakini Mwigulu hakuzinduka.

Ndipo daktari alipopiga simu polisi. Mwigulu hakuwa na ugonjwa wa kisukari. Alilazwa katika hospitali hiyo ya misheni, nje kidogo ya Nyahanga, kwa sababu mguu wake ulisagwa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipoporomoka huko Segese na kuua vijana wawili. Kesho yake ofisa wa madini alitarajiwa kuja kumhoji kitandani.

Inspekta Juliana Makoye alifika saa tano na nusu. Alimkuta mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Asteria ameketi kwenye benchi la ukumbini, amevuliwa koti jeupe, amelikunja mapajani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani alikuvua koti?"

"Mkuu wa wodi. Amesema chuo kitanifukuza, halafu nyie mtanipeleka mahabusu."

"Mahabusu napeleka mimi, si mkuu wa wodi. Ulifanya nini?"

"Saa kumi na mbili asubuhi nilimchoma dawa ya mshipa. Seftriaksoni, ya kuzuia usaha mguuni. Lakini sikuiandaa mimi. Dada Ritha wa zamu ya usiku aliivuta kwenye bomba la sindano, akaniambia kamalizie kwa Mwigulu. Nikamalizia."

"Bomba lilikuwa na maandishi?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ukiulizwa mahakamani kilichokuwa ndani, utajibu nini?"

"Nitajibu sijui, afande." Machozi yalimtoka, lakini sauti haikuyumba. "Niliambiwa ni seftriaksoni. Kujua, sijui."

Juliana alilipenda jibu hilo, ingawa halikumsaidia binti hata kidogo.

Mwalimu wa vitendo, Paskalina, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimkaribisha ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Nieleweshe kitu kimoja. Kuna ubaya gani mmoja akiandaa, mwingine akachoma?"

"Maji ndani ya bomba yote yanafanana, mwanangu. Anayeandaa amesoma kichupa, ameona jina la dawa, nguvu yake na tarehe. Anayepokea bomba mkononi amepokea maneno tu. Ndiyo maana tunawafundisha: unachotoa, uwe umekiandaa mwenyewe. Tena usome kichupa unapokitoa, usome unapovuta, usome kabla ya kukiweka chini."

"Na Ritha halijui hilo?"

"Ritha analijua kuliko mimi." Paskalina alivua miwani. "Bora ulisikie kwangu. Mmoja wa wale vijana waliofukiwa duarani, Boaz, ni mdogo wake wa tumbo moja. Na duara lilikuwa chini ya usimamizi wa Mwigulu."

Ritha alikuja kutoka bweni la wauguzi na macho mekundu ya mtu aliyekatizwa usingizi. Hakuombwa kukaa, alivuta kiti mwenyewe.

"Ulimchukia Mwigulu?" Juliana aliuliza.

"Nilimchukia. Andika hivyo hivyo."

"Na bado ulimhudumia."

"Kila zamu yangu. Chuki si sababu ya kukosea dozi, afande."

"Leo kwa nini ulimpa mwanafunzi bomba lako?"

"Wodi ya pili waliniita, kuna mtu anatapika damu. Nilivunja sheria. Na yeye aliivunja kwa kulipokea."

"Ukaondoka zamu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Mlinzi amekuona ukiingia tena wodini saa tatu na nusu."

"Nilisahau chaja ya simu kaunta. Nilichukua, nikatoka. Kitandani kwake sikufika."

"Kuna aliyekuona hukufika?"

"Mtu gani anamwangalia mwenzake asikofika?"

Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ushahidi. Juliana alikuwa na mwanamke mwenye sababu, mwenye ujuzi, na aliyekuwepo. Watu wengi wangeishia hapo. Yeye alitaka kwanza kujua insulini, dawa ya kushusha sukari ambayo daktari aliishuku, ilitoka wapi.

Paskalina alimfungulia friji ya dawa. Vichupa vya insulini vilikaa kwenye boksi, kila kimoja na kifuniko chake cha plastiki ambacho hakijang'olewa. Wodini hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa sukari wiki hiyo.

"Kwa hiyo imetoka nje," Juliana alisema. "Ikiingia kwenye mshipa inachukua muda gani?"

"Ile ya maji meupe, ang'avu, ya kufanya kazi haraka? Dakika chache tu."

"Mkewe anasema saa tatu Mwigulu alikunywa chai na kumtania juu ya ndevu zake zilizonyolewa."

"Basi ya alfajiri haikuwa na insulini. Angezidiwa kabla hatujapokezana zamu." Paskalina alifunga friji. "Saa tatu Asteria alimwekea dripu mpya. Nilisimama pale pale. Alisoma chupa mara tatu, akafungua mfuko mbele yangu. Ilikuwa nzima."

Waliiendea. Chupa ya plastiki ilikuwa bado inaning'inia kwenye stendi, imefungwa. Juliana aligusa ukuta nyuma yake. Ulikuwa na michirizi ya maji. Aliikamua chupa kidogo. Tone likachungulia ubavuni, chini ya maandishi, likaanguka sakafuni.

"Mbona inavuja katikati?"

Paskalina aliinama, akavaa miwani. "Mtu ametoboa tumboni. Huku chini pana mpira, ndipo tunapochomea. Ukitoa sindano, unajiziba wenyewe. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua."

"Na Ritha?"

"Ritha asingehitaji chupa. Mgonjwa ana kanula, mrija wa mshipani, mkononi, na muuguzi akimchoma kitu hakuna wa kumuuliza."

Juliana aliomba glavu, akaanza na masanduku ya sindano, kisha mapipa. Kwenye pipa la mlangoni, chini ya maganda ya ndizi, alikipata kichupa kitupu. Insulini, ya maji meupe.

"Mtu wa kazi hii hatupi kioo na maganda," Paskalina alisema, safari hii kwa hasira.

Lebo ilikuwa imevimba na kukunjamana kama karatasi iliyolowa na kukauka mara nyingi. Kwenye ukingo wa kifuniko cha bati, Juliana aliona chembe nyekundu. Alizikwangua kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa za mchanga.

"Mwalimu, mtu asiye na friji anaitunzaje insulini?"

"Tunawaelekeza waweke chungu ndani ya chungu. Katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni. Dawa inakaa kwenye chungu cha ndani, baridi kabisa."

Juliana alikitumbukiza kichupa kwenye bahasha na kuuliza nani mwingine alikuwa kitandani kati ya saa tatu na saa nne. Walikuwa wawili: Mageni, na Sostenes, mbia wa Mwigulu kwenye duara, aliyebaki na mgonjwa wakati Mageni alipokwenda kuchukua uji. Bado walikuwa chini ya banda la ndugu wa wagonjwa.

Sostenes alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika mbali. Alisimama kabla ya kuambiwa.

"Afande, huyo nesi wa usiku mmeshamfunga? Mji mzima unajua habari ya mdogo wake."

"Nina swali dogo kwanza, kwenu nyote. Nyumbani maji ya kunywa mnayapoozaje?"

Mageni alimtazama kama mtu aliyetukanwa msibani. "Mume wangu anakufa, wewe unauliza maji?"

"Naomba unijibu, mama."

"Tuna friji. Umeme ukikatika tunakunywa hivyo hivyo."

Sostenes alicheka. "Kama una kiu, afande, sema nikununulie. Mimi kwangu Segese friji ipo, tena ya milango miwili. Ila mama yangu haitaki, anasema inamuuma meno. Yeye ni vyungu vyake vya udongo tu, huko ndani vijijini. Hata umeme hana."

"Mzima lakini?"

"Uzee tu."

Juliana alimshukuru, akamwachia askari mmoja wa kukaa naye, na kumwomba dereva awashe gari.

Njia ya kijijini iliacha lami baada ya Segese na kukata mashamba ya pamba. Mama yake Sostenes alikuwa ameegemea mlango wa nyumba, kando yake ndoo ya maji iliyobaki robo. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Mwadila, mama," Juliana alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Nipe maji hayo. Nakunywa, kiu haiishi."

Nyuma ya mlango palikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mwekundu katikati. Mchanga ulikuwa umekauka. Cha ndani kilikuwa kitupu.

"Dawa yako ya sukari iko wapi, mama?"

"Sostenes ameichukua. Alisema imeharibika, ataleta nyingine. Ndiye anayenichoma, mimi macho hayaoni vile vistari."

Kwenye rafu kulikuwa na boksi la karatasi la insulini. Namba ya toleo iliyopigwa chapa juu yake ilikuwa ile ile ya kichupa kilichokuwa kwenye bahasha. Juliana hakusubiri kuisoma mara ya pili. Yeye na dereva walimbeba mama huyo hadi kwenye gari.

Saa kumi na nusu jioni, ofisini kwa Paskalina, Juliana aliweka kichupa na boksi mezani. Ritha alisimama dirishani, Asteria mlangoni, Mageni kwenye kiti. Sostenes alikaa katikati, hajapoteza uchangamfu wake.

Juliana alieleza yote kwa mpangilio: chai ya saa tatu, dripu iliyotobolewa tumboni, pipa la maganda, mchanga, boksi.

"Afande," Sostenes alisema, "namba hiyo ipo kwenye vichupa vingapi Tanzania hii?"

"Maelfu, nadhani."

"Sasa?"

"Sasa mama yako yupo chumba cha pili. Mashine imeshindwa kumsoma, sukari yake imepanda kupita kiwango cha mashine."

Sostenes alijaribu kuinuka. Askari alimrudisha chini.

Paskalina alizungumza naye bila ukali. "Daktari ameshaanza kumtibu, ataendelea hata ukinyamaza. Ila dozi aliyoizoea unaijua wewe tu, na tukiijua ni salama zaidi kwake. Unamchoma insulini ipi?"

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya kikongwe ikiomba maji.

"Ya maji meupe," Sostenes alisema.

"Yuniti ngapi?"

"Kumi asubuhi. Jioni nane."

"Mara ya mwisho lini?"

"Juzi asubuhi."

"Kwa nini si jana?"

Aliinamisha kichwa. "Kichupa nilikuwa nacho mimi."

"Kipi?" Juliana aliuliza.

"Hicho hapo mezani."

Mageni alimgeukia. "Jana ulimnyoa ndevu, Sostenes. Ulimshika kidevu ukamnyoa."

"Alisema ofisa akija atamwambia ya matimba." Sasa maneno yalimtoka mfululizo. "Niliyang'oa matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, ya duara la zamani, nikayapeleka kwenye duara jipya. Miti imeadimika, na pale chini mwamba ulionekana umesimama. Mwigulu hakujua. Alijua akiwa ameshafukiwa, alipopapasa pembeni akakuta mashimo matupu. Nilimbembeleza anyamaze. Akakataa."

Ritha aligeuka kutoka dirishani. "Boaz hakuona kwamba matimba hayapo?"

"Aliona."

"Akasema nini?"

"Aliuliza." Sostenes hakumtazama. "Nikamwambia ashuke."

Ritha alitoka nje. Hakuna aliyemfuata.

Sostenes alipokwisha kupelekwa polisi, Asteria alibaki amesimama, koti lililokunjwa kifuani.

"Mwalimu, nirudi bwenini nikafungashe?"

"Kosa la jinai huna," Paskalina alisema. "La kazi unalo, na nitaliandika kama lilivyo, lako na la Ritha. Utarudia mazoezi ya kutoa dawa tangu mwanzo, chini ya jicho langu, wakati wenzako wanakwenda likizo. Chuoni unabaki."

"Nitarudia."

"Vaa koti, basi. Mama Sostenes apimwe sukari kila saa, na mikono yangu haitoshi."

Juliana alipita chumba cha pili kumuaga daktari, aliyemwambia kwamba Mwigulu amefumbua macho na ametaja jina la mkewe. Alipokuwa akitoka, alimwona Asteria ameinama juu ya kitanda cha kikongwe, ameshika kidole chake, anakifuta kwa pamba. Kikongwe aliuliza kitu. Juliana alisimama, akitaka kujua binti angejibu nini.

"Sostenes yuko wapi?" mama alirudia. "Yeye ndiye anajua kunichoma asiniumize."

Asteria aliweka pamba chini kwanza.

"Yuko polisi, mama," alisema. "Leo nipo mimi. Nitakuambia kabla sijakutoboa."