Mita Tano na Theluthi Mbili

Alhamisi. Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka gundi ya mbao. Nyundo, mkuu wa kundi, alichora sakafuni kwa chaki: karakana, chumba cha walinzi, stoo ya sonara.

"Soma vipimo, Fundi."

Fundi, seremala, mwanamke pekee kundini, alikuwa ametengeneza mlango wa walinzi wiki iliyopita. Alipokuwa huko, alipima kimyakimya.

"Hapa mpaka kwa walinzi, mita tatu na nusu. Chumba chao, mbili na robo tatu. Ukivuka hapo, dhahabu."

Hesabu za kundi alizifanya Nyundo peke yake, akiziandika kwa chaki palepale sakafuni. Hakumwamini mtu. Tatu na mbili, tano. Kisha, kwenye nusu na robo tatu, akajumlisha namba za juu kwa za juu, moja na tatu, nne. Za chini kwa za chini, mbili na nne, sita.

"Tano na sehemu nne za sita. Tano na theluthi mbili. Tunatobolea hapo."

"Una uhakika, bosi?" aliuliza Kipara, mchimbaji.

"Niliiba kabla hujaota meno. Chimba."

Fundi akaitazama chaki. Nusu ni robo mbili. Ukiongeza robo tatu, robo tano: nzima na robo. Jibu lilikuwa sita na robo. Ukitoa ya Nyundo, zinapungua sehemu saba za kumi na mbili za mita. Karibu sentimita sitini. Angechomoza miguuni pa walinzi.

Alifungua mdomo. Akamkumbuka kaka yake ndani ya handaki la mwaka jana, udongo kifuani, akiita huku Nyundo akipandisha ngazi. Akaufunga.

Jumamosi ya wiki ya pili. Saa sita kasoro robo usiku.

Desturi ya kundi: mkuu hutangulia kutokea upande wa pili, achague mali kwanza. Nyundo akashuka ngazi kuingia shimoni na mtaimbo. Kipara akainama amfuate. Fundi akamshika mkono.

"Wewe una mtoto. Nenda nyumbani."

"Kuna nini, dada?"

"Kajumlisha vibaya."

Kipara aliitazama ile chaki, midomo ikicheza. Uso ukamsawijika.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nimechimba siku zote hizi." Akatema mate. Hakumwita dada tena. Akatoka kwa mlango wa mbele.

Saa sita kamili.

Sakafu ya jirani ikapasuka. Kiti kikaanguka. Sauti za wanaume, kisha mbwa. Nyundo alirudi akitambaa, damu kichwani, akamwona Fundi juu ya shimo.

"Ngazi, Fundi. Haraka."

Fundi alikuwa amekwisha kuipandisha.

"Dada yangu, nakuomba."

"Kaka yangu naye aliomba."

Mikono ikamdaka Nyundo miguu, ikamrudisha gizani. Fundi alikaa kando ya shimo, akilia, mpaka walinzi walipozunguka na kuvunja mlango. Hakukimbia. Walipomuuliza kama kulikuwa na mtu wa tatu, alisema walikuwa wawili tu.