Jua la Wiki Tatu

Jirani zangu, kaeni niwaeleze, na mwenye saa ya kisasa mkononi asogee karibu zaidi.

Nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza simu aliishi mchimba visima na mkewe. Ilikuwa nyumba tulivu. Jioni mke alimenya viazi, na kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiteremka shimoni kuchimba, aliwachekesha wote wawili. Kisha binti yao akamtumia baba saa ya kisasa, ile inayoonyesha hali ya hewa: kijua, kiwingu na digrii. Mzee akawa anatutangazia joto na baridi mtaa mzima bila kuombwa. Tukambandika jina la Digrii.

Siku moja simu yake ikaanguka ikapasuka, akaniletea. Sikuwa na kioo cha kubadilisha, nikaiweka kwenye droo ikiwa imezimika. Saa ile ilipata habari za hali ya hewa kupitia simu. Simu ikizimika, saa hubaki na picha ya mwisho, na chini ya kijua huandikwa kwa herufi ndogo habari hiyo ni ya lini. Digrii hakusoma. Mimi nilijua, nikaona haya kumfundisha mtu mzima mbele za watu.

Tangu hapo mkononi mwake palikuwa na jua lile lile, digrii thelathini na moja, tangu asubuhi hadi giza likiingia. Mkewe alinijia na wasiwasi. Alisema mumewe ameacha kutazama juu. Manyunyu yakimwangukia, anafuta kioo cha saa na kusema ni jua. Siku ya baridi alitoka kifua wazi, meno yakigongana, akilalamikia joto.

"Naishi na mtu aliye kwenye siku nyingine," aliniambia.

Niliitazama droo yenye simu yake. Hata hivyo nilifyata mdomo.

Wiki ya tatu mke aliwapelekea chakula kazini, kaka yake, shemeji wa Digrii, akiwa chini shimoni. Kila mchimba visima anajua kwamba wingu likitanda mtu hutolewa, maana udongo ukilowa haumjui mtu. Mvua ikaanza kunyesha. Mke akamsihi mumewe wavute kamba.

"Shati lako limelowa, mume wangu. Hii ni nini?"

"Saa inasema jua," akajibu kwa upole kabisa, maji yakimdondoka kidevuni.

Kutoka chini ikaja sauti ya kaka yake, ndogo, kama ya mtu asiyetaka kusikika.

"Dada, ukuta unasogea."

Mke aliishika kamba peke yake. Digrii alisimama akitazama mkono wake. Tuliposikia mayowe na kufika, shimo lilikuwa limejaa udongo, kamba imenyooka kuingia ardhini. Ilitikisika mara mbili, kisha ikatulia. Tulichimba kwa majembe na kwa kucha, na tulipomtoa shemeji alikuwa ameshafariki.

FUNZO

Usivae kitu usichokielewa. Ukiona kijua kwenye saa, uliza ni jua la wapi na la lini, halafu inua macho uangalie mwenyewe. Kuuliza hakumpunguzii mtu mzima heshima.

Nawe unayejua, sema. Kumweleza Digrii ilikuwa kazi ya dakika moja, na dakika hiyo nilikuwa nayo kila siku kwa wiki tatu. Mkewe hanisalimii tena, na sina la kumlaumu.